Samaki wa Magadi, Furu wa Mwanza na Mbu wa Chandarua: Jinsi Wanyama Wanavyobadilika Pamoja na Mazingira Yao

1. Utangulizi

Mwalimu wa kipaimara afundishapo fungu la kwanza la Imani ya Mitume, huwaeleza vijana kwamba Mungu Baba ndiye Mwumbaji wa mbingu na nchi na vyote vilivyomo. Siku chache baadaye kijana yule yule huketi katika darasa la sekondari, na mwalimu wa biolojia humweleza kwamba wanyama hubadilika kizazi baada ya kizazi, na kwamba aina nyingi tuzionazo leo hazikuwako zamani. Kijana huyo hubeba mafundisho mawili katika kichwa kimoja. Akimpata mtu wa kumsaidia, ataweza kuyatafakari yote mawili kwa utulivu. Akimkosa, huelekea upande mmoja: ama huacha kuyafikiri yale aliyofundishwa shuleni, ama huacha kumsadiki yule aliyemfundisha kanisani. Zote mbili ni hasara kwa usharika.

Makala haya hayakusudii kumaliza mjadala mrefu juu ya uumbaji na sayansi. Kusudi lake ni dogo zaidi. Kwanza, yataeleza kwa lugha iliyo wazi jambo ambalo wachungaji wengi hawakupata nafasi ya kufundishwa, yaani jinsi mabadiliko ya mnyama yanavyotukia katika chembe ndogo kabisa za mwili wake. Pili, yatatoa mifano mitatu iliyo karibu nasi: samaki wa Ziwa Magadi, furu wa Ghuba ya Mwanza, na mbu aenezaye malaria. Tatu, yatauliza mhubiri wa Injili na ayatumieje maarifa hayo, na wapi asiyatumie.

2. Tahadhari juu ya lugha yetu

Kiswahili kina silabi moja fupi yenye nguvu nyingi, nayo ni "-ji-". Tukisema kwamba mnyama "amejibadilisha" ili apate kuishi, tumekwisha kumpa nia, shauri na uwezo ambao hana. Msikilizaji atamfikiria samaki aliyeona maji yameharibika, akaamua kuugeuza mwili wake. Hakuna jambo kama hilo. Mnyama mmoja mmoja huishi na mwili aliozaliwa nao. Kinachobadilika ni jamii nzima ya wanyama wa aina hiyo, kwa sababu baadhi yao huzaa watoto wengi waishio, na wengine hawazai au watoto wao hufa. Kwa hiyo yafaa tuseme kwamba jamii ya wanyama "imebadilika".

Wanasayansi wenyewe walihitaji kulithibitisha jambo hili. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walifanya majaribio nchini Marekani kwa kutumia bakteria na virusi wanaowaua bakteria hao. Swali lao lilikuwa hili: je, bakteria wachache wanaosalimika hupata kinga yao kwa sababu wameshambuliwa, ama walikuwa nayo kabla ya kushambuliwa? Matokeo yalionyesha kwamba walikuwa nayo tayari. Shambulio halikuumba kinga. Lilidhihirisha tu ni nani aliyekuwa nayo. Msomaji akilishika jambo hili moja, sehemu kubwa ya yanayofuata itamwelea bila taabu.

3. Kiwanda kilichomo ndani ya seli

Mwili wa kila mnyama umejengwa kwa seli, na kazi nyingi za seli hufanywa na protini. Zipo protini zinazojenga misuli, zipo zinazobeba oksijeni katika damu, zipo zinazopokea mwanga katika jicho, na zipo zile ziitwazo vimeng'enya, ambazo huharakisha kazi za kikemia zilizo lazima kwa uhai. Protini ni mnyororo mrefu uliounganishwa kwa vipande viitwavyo asidi amino, ambavyo kwa kawaida ni vya namna 20. Mnyororo huo hujikunja na kupata umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloiwezesha protini kufanya kazi yake, kama vile meno ya ufunguo yanavyouwezesha kufungua kufuli.

Mpangilio wa asidi amino umeandikwa katika DNA, uzi mwembamba mno ambao umo karibu katika kila seli. Maandishi ya DNA hutumia herufi nne tu za kikemia. Sehemu ya uzi huo yenye maagizo ya kutengeneza protini fulani huitwa jeni. Kila seli inapogawanyika, maandishi yote hunakiliwa, na ingawa unakili huo ni makini sana, mara chache herufi hukosewa. Kosa likitokea katika seli za uzazi, mtoto aweza kulirithi.

Makosa mengi hayana athari yoyote. Mengine huleta ugonjwa au kifo. Machache hubadili protini kwa namna ambayo, katika mazingira fulani, humfaa mnyama. Maneno "katika mazingira fulani" yana uzito, kwa maana badiliko lile lile laweza kuwa faida mahali pamoja na hasara mahali pengine. Mwenye faida huacha watoto wengi zaidi, na badiliko lake huenea. Haba na haba hujaza kibaba. Vizazi vingi vya tofauti ndogo huweza kuifanya jamii moja ya wanyama iwe tofauti kabisa na nyingine.

Ipo pia njia ya haraka, ambayo mnyama huitumia katika maisha yake mwenyewe bila kubadili herufi hata moja ya DNA. Jeni si kama mshumaa unaowaka wakati wote. Huwashwa na kuzimwa kadiri ya mahitaji. Mwaka 1962 mtafiti Mwitalia, Ferruccio Ritossa, alitangaza kwamba inzi wadogo wa matunda walipopata joto la ghafla, sehemu fulani za kromosomu zao zilivimba, ishara kwamba jeni zilizopo hapo zilikuwa zimeanza kazi. Baadaye ilijulikana kwamba jeni hizo hutengeneza protini zinazofanya kazi kama walezi: huzishika protini nyingine zinazotaka kupoteza umbo lake kwa sababu ya joto, na kuzisaidia kujikunja sawasawa. Walezi hao wamo pia katika miili yetu.

Hivyo basi kuna mwendo wa namna mbili. Wa kwanza ni wa saa na siku, nao hutumia maandishi yaliyopo. Wa pili ni wa vizazi, nao huyabadili maandishi yenyewe. Mifano yetu mitatu inahusu hasa ule wa pili.

4. Mfano wa kwanza: samaki waishio katika magadi

Katika Bonde la Ufa, kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, yako maziwa mawili yaliyo jirani, Magadi na Natron. Udongo na miamba ya eneo hilo imejaa chumvichumvi za sodiamu zilizotokana na volkano, na mlima Ol Doinyo Lengai ulio karibu na Natron ungali hai hata leo. Katika enzi ya mvua nyingi, takribani miaka 10,000 iliyopita, maziwa hayo yalikuwa ziwa moja kubwa lenye maji mengi. Mvua zilipopungua, maji yalikauka kidogo kidogo na magadi yakazidi kuwa makali. Leo sehemu kubwa ya Ziwa Magadi imefunikwa na gamba jeupe, na maji yaliyo kandokando, yatokayo katika chemchemi za moto, yana kipimo cha pH kinachokaribia 10. Pengine joto lake hupita nyuzi 40. Samaki wa kawaida akitiwa humo hafiki mbali.

Hata hivyo wamo samaki wadogo wa jamii ya perege, waitwao kisayansi Alcolapia. Magadi ina aina moja, na Natron ina tatu. Wanaishije?

Ili kulijibu swali hili, yatupasa kujua taabu yao kubwa ni ipi. Mwili wa kila mnyama unapotumia protini za chakula, hubaki taka ya naitrojeni ambayo ni amonia, nayo ni sumu. Samaki wengi huitoa moja kwa moja kwa njia ya matamvua. Amonia ikiisha kutoka, hukutana na chembe za haidrojeni zilizomo majini, hugeuka umbo, na haiwezi tena kurudi mwilini kwa urahisi. Lakini maji ya magadi yana chembe chache mno za namna hiyo. Hivyo mlango unakuwa kama umefungwa kwa nje: amonia haitoki, nayo hujilimbikiza katika damu hata samaki anakufa.

Mwaka 1989 kundi la watafiti lilitangaza kwamba samaki wa Magadi hutoa takribani taka yake yote ya naitrojeni kwa namna ya urea, ambayo si kali kama amonia. Hii ndiyo njia itumiwayo na sisi wanadamu na wanyama wengi wa nchi kavu. Kuitengeneza urea huhitaji mfululizo wa vimeng'enya vinavyopokezana kazi, nao humgharimu mnyama nguvu nyingi. Samaki wengi wenye mifupa wanazo jeni za vimeng'enya hivyo, lakini huzitumia hasa wakiwa wachanga ndani ya yai. Wakikua, huziacha zimezimwa. Katika samaki wa Magadi jeni hizo zinaendelea kufanya kazi katika utu uzima, tena si katika ini peke yake, bali hata katika misuli. Zaidi ya hayo, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kimeng'enya cha kwanza katika mfululizo huo kimebadilika katika asidi amino chache za mahali pake pa kazi, hata kimeweza kuipokea amonia yenyewe moja kwa moja.

Tazama basi jinsi jambo hili lilivyo. Hakikuundwa kiungo kipya. Chombo cha kale, kilichokuwa kimewekwa darini, kilishushwa na kutumika tena, kikanolewa kidogo, kikapewa nafasi kubwa zaidi. Wataalamu wameona njia hii mara nyingi katika wanyama wa kila namna.

5. Mfano wa pili: macho ya furu

Wavuvi wa Mwanza huwaita furu wale samaki wadogo wenye rangi nyingi ambao zamani walijaa katika Ziwa Viktoria. Wataalamu walihesabu aina zao kuwa zipatazo 500. Uchunguzi wa matope ya chini ya ziwa umeonyesha kwamba ziwa hilo lilikauka takribani miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Kwa hiyo aina nyingi za furu zimetokea katika muda ambao, kwa kipimo cha historia ya dunia, ni mfupi sana.

Tuwatazame wawili tu. Katika visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza huishi Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya samawati, na Pundamilia nyererei, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu. Huyu wa pili alielezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Yule wa samawati hukaa karibu na uso wa maji. Mwekundu hukaa chini zaidi. Maji ya ziwa hili huumeza mwanga wa samawati upesi, na kwa sababu hiyo kadiri mtu ashukavyo, ndivyo mwanga unavyobaki wenye wekundu.

Ndani ya jicho kuna protini ziitwazo opsini, ambazo hupokea mwanga. Zikibadilika asidi amino chache, rangi ambayo jicho huiona vema husogea. Mwaka 2008 Ole Seehausen na wenzake walitangaza kwamba furu wa juu na furu wa chini wana maandishi tofauti ya jeni moja ya opsini, na kwamba opsini ya wale wa chini huelekea zaidi kwenye wekundu. Kila jike huona vizuri rangi ya madume wanaoishi katika kina chake, naye humchagua dume anayeonekana vizuri. Hivyo macho na rangi vimeambatana, na jamii mbili zimetengana ingawa zinaishi kwenye kisiwa kimoja.

Je, maandishi hayo tofauti yalitoka wapi kwa upesi namna hiyo? Jibu lilipatikana mwaka 2017. Furu wa Viktoria walitokana na mchanganyiko wa koo mbili za zamani, mmoja kutoka upande wa Kongo na mwingine kutoka upande wa Nile ya juu, ambazo zilikutana na kuzaliana. Tofauti za opsini ziliingia pamoja na koo hizo. Ziwa lilipojaa, utajiri huo wa urithi ulikuwa tayari, ukingoja mazingira ya kuugawanya.

Lakini habari hii ina upande wa huzuni. Udongo wa mashamba, taka za miji na mbolea vimeyafanya maji ya sehemu nyingi za ziwa kuwa machafu. Penye maji ya kuona vizuri, kama kwenye kisiwa cha Makobe, aina hizi mbili hujitenga. Penye maji mazito, kama kwenye kisiwa cha Luanso, jike hawezi kubagua rangi, na jamii hizo zimechanganyika hata hazitambulikani. Kilichotenganishwa kwa maelfu ya miaka huweza kuharibika katika maisha ya mvuvi mmoja. Tena, sangara aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na makisio ya wataalamu ni kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka au zilikaribia kutoweka.

6. Mfano wa tatu: mbu na chandarua

Mfano wa tatu unagusa kila nyumba. Wakulima wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania wamelima pareto kwa miaka mingi. Ua lake lina dawa inayoua wadudu, na wanakemia waliiga muundo wa dawa hiyo wakatengeneza dawa ziitwazo pairethroidi, ambazo hutiwa katika vyandarua. Kazi iliyofanywa na vyandarua hivyo ni kubwa mno. Wataalamu walikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 juhudi za kupambana na malaria ziliepusha zaidi ya visa milioni 600 barani Afrika, na sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitokana na vyandarua.

Dawa hiyo hufanya kazi hivi: katika mishipa ya fahamu ya mbu kuna protini zilizo kama malango, ambazo hupitisha sodiamu na kuwezesha habari kusafiri. Lango hufunguka kisha hufungwa. Dawa hulishika lango lisifungwe, mshipa huendelea kupiga bila kukoma, na mbu huanguka na kufa. DDT, iliyotumika kwa wingi tangu miaka ya 1940, hushika lango hilo hilo.

Mbu wengine walizaliwa na badiliko dogo katika protini ya lango, kwenye asidi amino ya 1014. Badala ya lusini, kuna nyingine. Katika Afrika Magharibi badiliko la fenilalanini lilielezwa mwaka 1998. Nchini Kenya badiliko la serini, mahali pale pale, lilielezwa mwaka 2000. Kwa hiyo dawa hailishiki lango vizuri tena. Mbu wengine wana njia ya pili: vimeng'enya vyao vinavyovunja sumu hutengenezwa kwa wingi kuliko kawaida, na dawa huharibiwa kabla haijafika kwenye mshipa. Pale ambapo hapakuwa na dawa, mabadiliko haya hayakuwa na faida kubwa. Sisi tulipoyatandaza mazingira mapya ya dawa juu ya kila kitanda, tuliwafagia mbu wanyonge na kuwaachia nafasi wenye kinga. Ndivyo Luria na Delbrück walivyoona katika bakteria.

Maarifa hayo ya molekuli yamezaa pia dawa ya kujibu. Kiambato kiitwacho piperonili butoksidi huvizuia vimeng'enya vya mbu visiivunje dawa. Vyandarua vyenye kiambato hicho vilijaribiwa wilayani Muleba, mkoani Kagera, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto wa vijiji vilivyopewa vyandarua hivyo waliambukizwa malaria kwa kiwango kidogo kuliko wale wa vijiji vilivyopewa vyandarua vya kawaida. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kupendekeza vitumike penye mbu wenye kinga. Ni wazi basi kwamba mtu asiyekubali kuwa mbu hubadilika hawezi kueleza kwa nini chandarua cha jana hakitoshi leo.

7. Mipaka ya mabadiliko

Kutokana na mifano hii twaweza kutoa mambo matatu. La kwanza, mabadiliko hutegemea akiba ya tofauti iliyomo katika jamii. Jamii iliyopungua sana haina akiba hiyo. La pili, kasi ya mabadiliko hutegemea kasi ya uzazi. Mbu hupata kizazi kipya kwa majuma machache, bali tembo humbeba mtoto tumboni kwa karibu miaka miwili. Mazingira yakibadilika upesi, mbu atafuata, tembo atachelewa. La tatu, kila badiliko lina gharama yake, kama tulivyoona kwa samaki wa Magadi anayetumia nguvu nyingi kutengeneza urea.

Kwa hiyo wale wasemao kwamba misitu ikikatwa na maziwa yakichafuliwa wanyama "watazoea tu" wanasema jambo lisilo na msingi. Wadudu waharibifu na vijidudu vya maradhi watazoea. Furu wengi hawakuzoea. Maji yakimwagika hayazoleki, na aina ya kiumbe iliyotoweka hairudi.

8. Tafakari ya kitheolojia

Sasa tulirudie swali la kijana wa kipaimara. Je, viumbe wakibadilika, Mungu amenyang'anywa kazi yake?

Luther, katika Katekisimo Ndogo, alilifafanua fungu la kwanza la Imani bila kuishia kwenye siku zile za mwanzo. Hufundisha kwamba Mungu ameniumba mimi niliye hai leo, na kwamba angali anatutunza. Mkristo hukiri hivyo, ingawa ajua kwamba alizaliwa na mama yake kwa njia ya kawaida ya uzazi. Luther aliviita viumbe vinyago vya Mungu, yaani mavazi ambayo Mungu hufanya kazi nyuma yake. Ikiwa kazi ya mama haimwondoi Mwumbaji, hata kazi ya jeni haimwondoi. Mtunga Zaburi naye husema juu ya Mungu anayeufanya upya uso wa nchi (Zab. 104:30), na kitabu cha Mwanzo hueleza kwamba nchi na maji viliagizwa kutoa viumbe (Mwa. 1:11, 20, 24). Augustino wa Hippo, karne nyingi kabla ya sayansi ya leo, alifundisha kwamba Mungu aliweka katika uumbaji mambo yaliyo kama mbegu, yatakayochipuka kwa wakati wake. Mwalimu huyo huyo aliwaonya Wakristo wasiseme mambo ya upuuzi juu ya maumbile mbele ya wanaoyafahamu, wasije wakayafanya Maandiko yadharauliwe.

Wengine hukwazwa na nasibu. Herufi ya DNA ikikosewa bila mpango, Mungu yuko wapi? Hapa tukumbuke kwamba mwanasayansi asemapo "nasibu" ana maana ya kwamba badiliko halitokei kwa kuyatazama mahitaji ya mnyama. Hasemi wala hawezi kusema, kwa vipimo vyake, kwamba hakuna Bwana juu ya nasibu. Mitume walimpata Mathiya kwa kura (Mdo. 1:26), wala hawakudhani kwamba Mungu hayumo kwa kuwa walipiga kura.

Lakini mhubiri asivuke mpaka kwa upande wa pili. Ni rahisi kumtaja samaki wa Magadi mimbarani na kusema: Tazameni jinsi Mungu alivyo mwema! Je, atasema nini juu ya mbu? Njia iliyomwokoa samaki ndiyo njia iliyompa mbu kinga, na mama aliyezika mtoto kwa malaria amekaa katika benchi la tatu. Hapo ndipo mafundisho ya Luther huko Heidelberg mwaka 1518 yanapotufaa. Alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu, anayedhani kwamba aweza kuusoma moyo wa Mungu katika mambo yaonekanayo, na mwanatheolojia wa msalaba, anayemtafuta Mungu mahali alipojifunua, yaani katika Kristo aliyesulubiwa. Maumbile hutuonyesha uwezo na hekima ambavyo hatuvimalizi, kama Ayubu alivyoonyeshwa katika sura za mwisho za kitabu chake. Hayatuambii kama tumesamehewa. Mtume Paulo husema kwamba uumbaji wote unaugua ukingoja ukombozi (Rum. 8:19-22), na mama yule aliye katika benchi la tatu anaugua pamoja nao. Yeye hahitaji kuelezwa habari za asidi amino ya 1014; anahitaji ahadi ya ufufuo, na chandarua kilicho bora kwa mtoto aliyebaki.

9. Hitimisho

Mchungaji hapaswi kuwa mwanabiolojia. Lakini yampasa kujua kiasi cha kutowafunga vijana nira ambayo Injili haikuifunga. Amwambie kijana kwamba aweza kujifunza habari za jeni na opsini bila hofu, kwa maana ukweli juu ya viumbe ni ukweli juu ya kazi za mikono ya Mungu. Auambie usharika ulio kando ya ziwa kwamba kuyachafua maji ni kufuta kwa siku chache kilichoandikwa kwa maelfu ya miaka. Na wazazi awahimize kuvitumia vyandarua na kuvipokea vipya vinapoletwa, kwa sababu adui yetu mdogo habaki kama alivyokuwa. Vijana wakiulizwa juma hili walichofundishwa shuleni, na wakisikilizwa kwa uvumilivu, huenda fungu la kwanza la Imani likawa kwao ungamo la moyo, si maneno ya kukariri kwa ajili ya siku ya kipaimara.